Msomaji Aliyepotea Hakuwa Mjinga

Kuna mkahawa mmoja hapa Dar es Salaam, jina lake nalihifadhi, ambako kikombe cha kahawa kinauzwa bei ya sahani ya pilau. Ukutani wametundika ramani ya treni za chini ya ardhi za New York. Si ramani yoyote tu. Ni ile ya mwaka 1972, kazi inayobeba jina la Massimo Vignelli, Mwitaliano wa Milan aliyehamia Marekani. Wameiweka kwenye fremu nyeusi, kioo hakina hata alama ya kidole, na juu yake kuna kitaa kidogo kama vile wamulikavyo picha ya marehemu mwenye nyumba.

Mwezi uliopita nilikaa chini ya ramani hiyo na kijana mmoja mshairi ambaye anaandaa diwani yake ya kwanza. Akainua kidole akaniambia, "Kaka, unaiona hiyo? Kipaji hicho! Halafu unajua walifanyaje? Watu wa New York wakaikataa. Washamba tu, hawakuielewa."

Siku hiyo sikumjibu. Nilimaliza kahawa yangu, nikalipa, nikaondoka na hasira ambayo sikujua niiweke wapi. Sentensi hiyo nimeisoma kwenye makala za watu wa ubunifu, nimeisikia kwa wakusanyaji wa mabango ya zamani, na sasa imevuka bahari imekuja kukaa mdomoni mwa mshairi wa Kiswahili. "Hawakuielewa." Basi leo naijibu.

Niseme mapema ili tusigombane bure: ramani ile ni nzuri. Sina macho ya mbao. Mistari yake ya rangi inashuka sambamba kama nyuzi za kitenge, inapinda kwa nidhamu, hakuna hata mmoja unaoyumba. Jumba la sanaa la MoMA la New York limeiweka kwenye hazina yake, na sishangai. Ugomvi wangu si na uzuri. Ugomvi wangu ni na dharau iliyojificha nyuma ya uzuri. Mimi nasema watu wa New York waliielewa vizuri sana, na ndiyo maana waliikataa.

Kwa asiyeijua, nieleze kidogo. Treni za New York hazikuzaliwa pamoja. Zilikuwa mifumo mitatu iliyojengwa kwa ushindani, IRT, BMT na IND, na iliunganishwa chini ya jiji mwaka 1940. Ndiyo maana mpaka leo utakuta stesheni mbili zenye jina moja, kila moja kwenye njia yake, wala hazijuani, kama watoto wa baba mmoja mama mbalimbali. Kuchora ramani ya kitu cha namna hiyo ni kazi ngumu, na kwa miaka mingi ramani zilizotolewa zilikuwa zinachanganya. Mwaka 1966 mamlaka ya treni ikaiendea kampuni ya ubunifu iitwayo Unimark International, ambayo Vignelli alikuwa mmoja wa waanzilishi wake. Yeye na Bob Noorda, aliyekwisha kufanya alama za treni za Milan, wakapanga alama za stesheni. Mwongozo wao wa mwaka 1970 mpaka leo unaheshimiwa, na ulichapwa upya mwaka 2014 kwa michango ya mashabiki. Kisha ikaja ramani, Agosti 1972.

Kanuni zake zilikuwa chache na kali. Kila huduma ya treni na rangi yake. Kila stesheni nukta. Mistari iende wima, au mlalo, au mshazari wa nyuzi 45, basi. Hakuna kona nyingine. Maji yalipakwa rangi ya mchanga, bustani zikapakwa kijivu. Ukiitazama unahisi jiji lenye kelele kuliko yote duniani limeambiwa nyamaza, likanyamaza.

Sasa hapa wapenzi wa ushairi tusogee karibu, maana jambo hili tunalijua kuliko wabunifu wanavyolijua. Kanuni ile ya nyuzi 45 na 90 ni nini kama si vina na mizani? Ni arudhi. Mtunzi amejifunga mwenyewe: mizani nane kwa nane, kina cha kati na kina cha mwisho, na asitoke humo. Na kila aliyewahi kutunga tarbia anajua kinachotokea mizani inapogoma. Tunayo majina yake. Ukilifupisha neno ili liingie, hiyo ni inkisari. Ukilirefusha, hiyo ni mazda. Ukilibadilisha sauti zake, tabdila. Ukigeuza mpangilio wa maneno, unaboronga sarufi. Yote haya mshairi ameruhusiwa. Lakini ruhusa ina mpaka, na mpaka wake ni maana. Fupisha neno ukitaka, ila msomaji alijue bado. Ukipata kina na maana ikakukimbia, wazee wanakuambia bila aibu: hapa umejazia.

Ramani ya 1972 ilifanya inkisari na mazda kila mahali. Katikati ya Manhattan ilipanuliwa ili nukta zipate nafasi, pembezoni kukabanwa. Hilo si kosa. Kila mchoro wa treni duniani unafanya hivyo. Lakini tazama Central Park. Bustani ile ina urefu wa kilomita nne hivi na upana usiofika kilomita moja. Kwenye ramani imekuwa karibu mraba. Na tazama barabara ya 50. Ziko stesheni mbili za jina hilo: moja ya IRT iko Broadway, nyingine ya IND iko Eighth Avenue. Juu ya ardhi, ile ya Broadway iko mashariki ya mwenzake. Kwenye ramani ikahamishiwa magharibi. Jamani, mashariki imekuwa magharibi! Hii si inkisari tena, wala si kuboronga sarufi kwa kiasi. Mshororo umebeba vina vyake vyote na unasema kinyume cha ukweli.

Mtetezi wa ramani atasema, na huwa anasema: chini ya ardhi hakuna mashariki wala magharibi. Abiria anataka kujua apande treni gani, abadilishe wapi, ashuke nukta ya ngapi. Ya juu hayamhusu. Na atakutajia London. Harry Beck alichora ule mchoro wake mwaka 1931, wakubwa wakauogopa, mwaka 1933 wakauchapa, na watu wa London wakaupokea kwa mikono miwili. Nao una nyuzi 45 na 90 hizohizo. Kwa nini wa London waupende na wa New York waukatae, kama si ushamba?

Swali zuri. Nalijibu kwa mambo mawili.

La kwanza: barabara za London zimepinda na kusokotana kwa karne nyingi, hakuna anayezibeba kichwani zote. Manhattan ni kinyume chake. Tangu mpango wa mwaka 1811, sehemu kubwa ya kisiwa kile imepangwa kwa namba, barabara baada ya barabara, kama kurasa za kitabu. Mtu aliyezaliwa pale anajua 50 inafuata 49, anajua wapi Broadway inakatisha na upande gani. Huyo si msomaji aliyekuja mtupu. Shairi la asili amelihifadhi tangu utotoni. Ukija kumsomea ukiwa umebadilisha maneno, atakusahihisha palepale barazani, na atakuwa na haki.

La pili: hata Beck hakuiacha ardhi yote. Aliuacha mto. Thames umepita katikati ya mchoro wake, nao umenyooshwa kwa mistari, lakini upo, na kila mtu wa London anajua yuko ng'ambo gani. Septemba 2009 wakubwa wa usafiri wakaufuta mto ili mchoro upumue. Kelele zilizopigwa! Meya wa wakati ule, Boris Johnson, alitaka urudishwe, na kabla mwaka haujaisha mto ukarudi. Watu wale wale wanaosifiwa kwa kuupenda mchoro walikuwa wanasema jambo rahisi: tunyoshee kila kitu, lakini tuachie kitu kimoja cha kweli tukishike. Je, nao walikuwa washamba?

Nina sababu ya kulisema hili kwa ukali, na si ya vitabuni.

Niliishi Bronx kwa miaka mitano mwanzoni mwa miaka ya 2000. Nilikuwa nafanya usafi usiku kwenye jengo la ofisi katikati ya Manhattan. Aliyenipangisha chumba alinikabidhi funguo na ramani moja ya treni, ya bure, ile iliyoingia mahali pa ya Vignelli. Ukweli lazima usemwe: ramani hiyo haina uzuri wowote. Imejaa. Mistari inapinda kama minyoo, maandishi yanagombania nafasi, maji ni ya buluu, bustani za kijani, na kuna vijisanduku vya maelezo kila kona. Hakuna mkahawa utakaoitundika. Niliibeba mfukoni mpaka mikunjo yake ikachanika, nikaiunga kwa selotepu, ikachanika tena.

Usiku mmoja wa Jumamosi kuamkia Jumapili, natoka kazini, nakuta tangazo: treni namba 4, treni yangu, haiendi Bronx kwa ajili ya matengenezo. Kuna mabasi ya badala. Nilikuwa nimeshayajua mabasi hayo ya badala, na ilikuwa baridi ya Januari. Nikafungua karatasi yangu chini ya taa ya stesheni. Nikaona kitu ambacho hakuna mtu aliyeniambia: treni D inapanda Bronx kwenye barabara ya Grand Concourse, na kwa umbali mrefu inakwenda sambamba na namba 4, karibu kabisa. Na yote mawili yana stesheni iitwayo 167. Haziunganishwi na kitu chochote, zile za baba mmoja mama mbalimbali. Lakini ramani ilikuwa na barabara na ilikuwa na umbali, angalau umbali wa kuaminika kwa mtu wa miguu. Nikapima kwa kidole gumba. Nikapanda D, nikashuka 167 ya Grand Concourse, ambayo iko kilimani, nikateremka magharibi kwa mguu. Dakika chache baadaye naona juu yangu reli ya namba 4 imekaa kimya kwenye nguzo zake. Nilikuwa nyumbani.

Kwa mwenye gari, au mwenye hela ya teksi, hadithi hii haina uzito. Kwa mtu ambaye nauli ilipopanda kutoka dola 1.50 hadi dola 2 mwaka 2003 alikaa akapiga hesabu upya ya mwezi mzima, ina uzito. Ukitoka stesheni moja ukaingia nyingine isiyounganishwa, unalipa tena. Kwa hiyo swali "je, naweza kutembea?" lilikuwa swali la kila wiki. Na ramani ya 1972 haiwezi kulijibu swali hilo, kwa sababu nafasi iliyopo kati ya mstari na mstari si barabara wala si kilomita. Ni nafasi tu. Imewekwa pale kwa sababu ya mizani.

Mtu anaposema "ya juu hayamhusu abiria," namuuliza: abiria gani? Huyo abiria anayeingia kwenye nukta na kutoka kwenye nukta na hana miguu, hana mvua, haogopi kutokea kona mbaya saa nane za usiku, mlimkuta wapi? Kumbukeni na wakati wenyewe. New York ya miaka ya 1970 ilinusurika kufilisika mwaka 1975, treni zilikuwa zimechorwa grafiti nje ndani, na watu waliogopa. Mtu mwenye hofu, kabla ya kupanda ngazi, anataka kujua atatokeza wapi.

Na wala si kwamba walinung'unika tu. Mwanasaikolojia Arlene Bronzaft na wenzake waliwapa watu ramani ile, wakawatuma wasafiri kwa kuitegemea, na mwaka 1976 wakachapisha walichokiona: mara nyingi abiria wale hawakuchagua njia nzuri. Aprili 20, 1978, kwenye ukumbi mkubwa wa Cooper Union, ukumbi uleule alimowahi kuhutubia Abraham Lincoln, Vignelli alikaa jukwaani kubishana na John Tauranac kuhusu ramani. Hebu fikirieni: jiji linakusanyika usiku kubishana namna ya kuchora treni. Na Tauranac hakuwa mbunifu. Alikuwa mwandishi, mtu wa vitabu vya kuongoza wageni mjini. Ndiye aliyeongoza kamati iliyotoa ramani mpya Juni 1979, ikachorwa na kampuni ya Michael Hertz.

Hapa ndipo dharau ya pili inapojitokeza. Mkusanyaji yeyote atakutajia Vignelli. Ulizeni nani mwingine, kimya. Vignelli mwenyewe aliondoka Unimark mwaka 1971, kabla ramani haijatoka. Mbunifu wa pale aitwaye Joan Charysyn aliifanyia kazi kubwa, na jina lake halimo kwenye fremu. Upande wa pili ndiyo kabisa. Tauranac na Hertz walivutana miaka mingi kuhusu nani aitwe mwenye ramani ya 1979. Na kati yao yupo mtu ambaye ningependa jina lake lijulikane hata Kariakoo: Nobuyuki Siraisi, mchongaji na mchoraji. Siraisi alipanda treni za New York, njia baada ya njia, akafumba macho, akaachia mwili wake uhisi kila kona, na mkono ukachora. Mikunjo ile "ya minyoo" niliyoibeba mfukoni imetoka kwenye mwili wa mtu aliyekaa kwenye kiti cha abiria.

Nilipolisoma hilo nilikumbuka wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi ambao, kwa ajili ya mradi wa Digital Matatus walioufanya na wenzao wa Columbia na MIT, walipanda matatu na simu zao mkononi, wakarekodi njia na vituo, mpaka mwaka 2014 ikatoka ramani ya matatu za Nairobi nzima, njia zaidi ya mia moja. Ramani ile nayo ni mchoro wa mistari ya rangi, ndugu wa mbali wa kazi ya London na New York, na ni nzuri. Kwa hiyo msinielewe vibaya. Sisemi mchoro ni uongo na ramani yenye barabara ndiyo ukweli. Nasema kaa kwanza kwenye kiti. Ujue anayesafiri anapepesa macho kutafuta nini dirishani. Halafu nyoosha mstari unavyotaka.

Sasa nimtendee haki Vignelli, maana wanaomsifu hawamtendei. Yeye hakukusudia mchoro ule ubandikwe peke yake. Mpango ulikuwa uwe na wenzake: ramani ya jiografia, ramani ya mtaa unaoizunguka stesheni, na maelezo ya maneno ya kumwambia mtu "ukitaka kwenda fulani, panda hii, badilisha pale." Yale maelezo ya maneno, kwa taarifa yenu, sisi tunayo siku zote, yananing'inia mlangoni mwa daladala yakipiga kelele "Mbagala, Mbagala, wa Kariakoo tunashuka!" Lakini abiria wa New York hakupewa mpango wote. Alipewa mchoro, ukapewa kazi ya familia nzima. Kisha baadaye Vignelli mwenyewe alikiri kosa, na kosa alilolitaja si walilolitaja mashabiki wake. Hakusema watu walikuwa washamba. Alisema hakupaswa kuacha mabaki ya jiografia mle ndani, zile bustani na yale maji. Yaani alijua. Ukiweka umbo la kijivu ukaliita Central Park, umeshamwahidi msomaji kwamba unazungumzia ardhi. Huwezi kugeuka baadaye ukamwambia, "kwani nani alikwambia hii ni ardhi?"

Mtaniambia: mbona imerudi? Kweli, imerudi. Aprili 2025 MTA ilitoa ramani mpya rasmi, mchoro wa mistari iliyonyooka unaofuata nyayo za kazi ile ya Unimark, na ya 1979 ikastaafu baada ya zaidi ya miaka arobaini. Mashabiki walisherehekea kama timu yao imechukua ubingwa. Tulisema! Historia imemtetea!

Polepole. Kwanza, rangi za mchoro huo mpya si za 1972. Ni za 1979, wakati zilipopangwa kwa kufuata njia kuu za Manhattan, ndiyo maana 1, 2 na 3 zote ni nyekundu na 4, 5 na 6 zote ni za kijani. Vignelli mwenyewe alizikubali rangi hizo alipoichora upya kazi yake mwaka 2008. Pili, na hili ndilo kubwa, abiria wa 2025 ana simu mfukoni. Simu ina barabara, ina umbali, ina nukta ya buluu inayomwambia umesimama hapa. Wale ndugu wa mchoro waliokosekana mwaka 1972 wamepatikana, tena wanakwenda na abiria kila mahali. Mchoro sasa unaweza kuwa mchoro kwa sababu kazi nyingine imepata mfanyakazi. Kwangu mimi hilo halithibitishi kwamba msomaji wa 1972 alikuwa mjinga. Linathibitisha kwamba alikuwa anadai haki yake, na imechukua karibu nusu karne kumlipa.

Narudi ukutani. Ile toleo la 2008 ilichapwa nakala 500 zenye saini, dola 299 moja, zikaisha ndani ya saa chache. Zile za 1972, ambazo stesheni zilikuwa zinagawa bure, leo zinauzwa minadani. Sioni ubaya wa mtu kupenda karatasi ya zamani. Mimi mwenyewe ile yangu yenye selotepu sijaitupa. Lakini angalieni kilichotokea. Ramani imependwa na watu wengi zaidi baada ya kuachishwa kazi. Juu ya ukuta wa mkahawa wa Dar es Salaam hakuna atakayeiuliza njia. Haiwezi kumpoteza mtu tena. Ni rahisi sana kuitetea kazi ambayo haina tena wa kuitegemea, na ni rahisi zaidi kumcheka aliyeitegemea akapotea.

Na sisi wa fasihi tuna ukuta wetu. Tangu ule ugomvi wa miaka ya 1970 wa wanamapokeo na wanamabadiliko, tumejizoesha kutupiana neno hilihili. Mwenye arudhi anamwambia asiyeielewa kwamba hajui lugha. Mwenye shairi huru anamwambia asiyelielewa kwamba amebaki nyuma. Pande zote mbili zimekubaliana jambo moja tu: kosa ni la msomaji. Kitabu kikikaa dukani, "Watanzania hawasomi." Shairi likipitwa mtandaoni, "watu wanapenda vichekesho." Mimi sisemi kila kazi ngumu ni mbaya, ziko kazi ngumu ninazozirudia kila mwaka na kila mwaka zinanilipa. Nasema mwandishi anapoahidi kitu kwenye ukurasa wa kwanza, msomaji akikifuata mpaka mwisho asikikute, huyo msomaji akisema "nimepotea" anatoa taarifa. Isikilizwe kwanza. Ujinga wake, kama upo, tutaujadili baadaye.

Yule kijana mshairi alinipigia simu juzi. Anataka nimwandikie dibaji. Akanitumia na utangulizi aliouandika mwenyewe, na kwenye aya ya tatu nimekuta hii: "Wasomaji wetu bado hawajafikia kiwango cha kuielewa kazi ya namna hii." Nimemwambia nitaandika, tena kwa furaha, mashairi yake kumi na mbili ni mazuri kweli. Ila aifute kwanza sentensi hiyo, kisha achukue yale mashairi mengine matano, akae nayo kwenye daladala ya kutoka Posta kwenda Mbagala saa kumi na mbili jioni, amsomee jirani yake wa kiti, aniletee majibu. Amesema atafikiria. Namsubiri.